Mikono ya Mzee wa Boila

Mzee wa Boila hakunywa chai. Maisha yake yote ya kazi alilisha moto wa kiwanda cha chai, akisukuma magogo ya mkaratusi kwenye tanuri na kukodolea macho mshale wa presha, na mvuke wake ndio uliokausha majani yaliyonywewa hadi ng'ambo. Lakini ukimkaribisha kikombe, alikirudisha kwa kidole kimoja polepole, kama mtu anayemsogeza paka mezani.

"Mimi najua kile hiyo imepitia," alikuwa akisema. "Nipe uji."

Mimi nina duka la pembejeo hapa Sotik, upande wa barabara ya Kisii. Nauza mbegu, dawa za kupe, chanjo za kuku, chumvi ya ng'ombe. Wazazi wangu walihamia huku kutoka Nyeri kabla sijazaliwa. Yeye alitoka upande wa ziwa akiwa kijana, akaja kutafuta kazi kwenye mashamba ya chai, na alipostaafu hakurudi kwao. Alijenga nyumba ya mabati nyuma ya duka langu, ng'ambo ya ua wa michongoma, kwa hiyo kwa miaka mingi nilimwona kila siku na nilimsikia zaidi ya nilivyomwona.

Maana alikuwa akipiga kelele. Boila ilimmaliza masikio. La kushoto lilikufa kabisa, la kulia lilibaki na uhai kidogo, na yeye aliamini kwamba watu wote duniani wamezoea kunong'ona. Kanisani aliimba besi akiwa nyuma ya wenzake kwa mstari mzima, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Siku moja alikuja dukani, akainama juu ya kaunta, akanikaribia sikioni ili aniambie siri.

"Mama Wanja," alisema kwa sauti iliyowageuza watu wote waliokuwa stendi, "mke wangu anasema hizi mbegu zako za sukuma ni mbaya, lakini mimi nimemnyamazisha!"

Alikuwa mtu wa hasira za karibu. Aligombana na vijana wa boda boda, aligombana na jogoo wangu, aligombana na mvua. Kwenye ngazi aliruka vidato. Akisubiri chenji, alipigapiga kaunta kwa vidole mpaka nikosee hesabu. Ndiyo maana sikuamini, mara ya kwanza nilipochungulia ng'ambo ya ua, kwamba yule mtu aliyekaa kimya mbele ya mti uliopandwa kwenye sahani, akiusugua kwa mswaki wa meno, alikuwa yeye.

Mti wenyewe ulikuwa mtarakwa, sida ile ile tunayokata nguzo za ua. Msituni unakua mpaka kofia ianguke ukiutazama. Huu wake haukufika magotini. Aliupata kwa mkulima mmoja upande wa Bomet, umeota kwenye ufa wa mwamba mahali mbuzi walipita wakiutafuna kila mwaka, na radi ilikuwa imeuchana upande mmoja. Mkulima alikuwa anataka kuung'oa autupe. Mzee akauchimbua pamoja na mawe yake, akaubeba kwenye gunia kama mtoto mgonjwa.

Ujuzi aliupata kwenye simu. Binti yao wa pekee, Achieng', anafanya kazi Uarabuni, na alimtumia baba yake simu kubwa ili waonane wanapoongea. Mzee, badala ya kutazama siasa kama wazee wenzake, alitazama wazee wa Kijapani wakikunja miti midogo ya kwenye sahani. Lugha yao haikumsumbua, kwa kuwa hata ingekuwa Kiswahili asingeisikia. "Hawa hawana maneno mengi," aliniambia kwa kuridhika. "Mtu anafanya, wewe unaangalia mikono."

Nusu ya ule mti ilikuwa imekufa. Ganda lilikuwa limekwisha upande ule, mbao ikabaki wazi, ya kijivu, na tawi moja kavu lilichomoza juu kama mkono wa mtu anayeomba lifti. Upande wa pili ulipanda utepe mmoja wa ganda jekundu, mpana kama vidole viwili, na huo utepe ndio uliolisha majani yote. Mimi nilimwambia akate ile sehemu iliyokufa. Akanitazama kama nimemtukana mama.

"Hiyo ndiyo mti," alisema. "Hii ingine ni majani tu."

Kazi yake kubwa ilikuwa kuizuia mbao ile iliyokufa isioze, na Sotik si mahali pa kazi hiyo. Huku mvua inakuja karibu kila alasiri, na mara nyingine inakuja na mawe. Mbao inakunywa maji, inaota ukungu wa kijani, inalainika kwenye shina pale inapogusa udongo. Kwa hiyo kila mawingu yalipojikusanya alikimbia kuuingiza mti chini ya upenu, na jua likitoka alikimbia kuurudisha, kwa sababu mtarakwa hautaki kivuli. Kwangu alinunua salfa, ule unga wa manjano, na chokaa. Alivichemsha kwenye sufuria kuukuu mpaka vikawa maji mekundu yenye harufu ya mayai viza, na siku hiyo majirani wote walifunga madirisha. Kisha aliipaka ile sehemu iliyokufa kwa brashi ndogo, akiruka utepe ulio hai kwa uangalifu mkubwa. Ikilowa ilikuwa ya manjano ya kuchukiza. Ikikaukia juani iligeuka nyeupe kama mfupa uliooshwa.

Halafu kulikuwa na kukunja. Lile tawi kavu alilitaka lishuke na kuzunguka shina, na mbao iliyokufa haikunjiki hivi hivi, inakatika. Alilifunga kwa matambara mabichi tangu asubuhi. Aliyafunika majani kwa kitambaa cha maji yasiungue. Alichemsha birika, akaelekeza mvuke wa mdomo wake kwenye tawi, akashika ncha na kuivuta kidogo, kidogo mno, kisha akaifunga kwa waya wa shaba aliotoa kwenye mota mbovu na kuiacha ikauke. Baada ya siku kadhaa alirudia. Mvuke ndio aliokuwa ameuelewa maisha yake yote.

Lakini mbao ikitaka kuvunjika hutoa sauti kwanza, mlio mdogo sana, na yeye hakuweza kuusikia. Aliyeusikia ni mkewe.

Mkewe alikuwa Mkipsigis wa kule Silibwet, mwanamke mrefu, mwepesi wa kucheka, aliyechuma chai kwenye mashamba yale yale. Alikaa kwenye kigoda kando ya mti, mkono wake wa kulia juu ya goti la mumewe, na kichwa chake ameinamisha kwenye tawi kama anayesikiliza tumbo la mjamzito. Kiswahili chake kiliimba Kikipsigis mpaka mwisho.

"Pado," alisema, na Mzee akavuta. "Pado… pado…" Kisha alimpiga goti. "Pasi!"

Na Mzee aliacha papo hapo. Sijawahi kumwona akimtii mtu mwingine namna hiyo. Alipenda kujigamba kwamba hayo maneno mawili ndiyo Kikipsigis chote anachojua, pado na pasi, na mkewe alicheka mpaka akafuta machozi kwa leso, kwa sababu ilikuwa Kiswahili, bado na basi.

Na kweli hakujua kingine. Waliongea Kiswahili tangu siku ya kwanza, Kiswahili cha kiwandani, na binti yao walimlea kwa lugha hiyo hiyo ili kusiwe na upande unaolalamika. Mwanzoni mkewe alijaribu kumfundisha, lakini masikio yalikuwa yameanza kufa, na Mzee alidai lugha ile inasemwa na watu wa sauti ya chini. Wakacheka, wakaiacha. Walikuwa na muda mwingi mbele yao.

Kisha mkewe akaanguka jikoni. Ilikuwa asubuhi, akipuliza moto. Mzee alikuwa nje akiuhamisha mti na hakusikia sufuria ilipodondoka. Mimi nilisikia. Tulimpeleka hospitali tukiwa tumemlaza kwenye pikapu ya mteja wangu, na Mzee alikaa nyuma, amempakata kichwa, akiwapigia kelele watu wote barabarani watoke.

Aliporudi nyumbani baada ya wiki kadhaa, upande wake wa kulia haukuwa wake tena. Mguu ulivutwa. Mdomo ulining'inia kidogo. Mkono ulikuwa umejikunja kifuani, vidole ndani ya kiganja, kama anaficha kitu. Na Kiswahili kilikuwa kimeondoka. Daktari alieleza kwamba hutokea: lugha mtu aliyojifunza ukubwani inaweza kuzimika, ikabaki ile ya mama. Alichobaki nacho ni Kikipsigis, tena cha polepole, kizito, maneno yakitoka upande mmoja wa mdomo. Achieng' alipiga simu kutoka Uarabuni, mama akamwona kwenye kioo, akaongea naye kwa muda mrefu, na binti alilia kwa sababu hakuelewa hata neno moja.

"Ameniambia nini, baba?"

"Amekusalimia," Mzee alijibu. Hakuwa amesikia, na hata angesikia asingeelewa.

Msichana waliyemwajiri kupika alitoka Kisii. Kaka za mkewe walikuja kila Jumapili, wakaongea na dada yao, wakamtafsiria Mzee mambo machache: anataka blanketi ile ingine, anauliza kama ng'ombe amezaa. Wakiondoka, nyumba ilirudi kuwa na watu wawili wasio na lugha.

Hospitalini walikuwa wamemwonyesha Mzee jinsi ya kuunyoosha mkono ule ili usikaze, taratibu, kila siku, kwa kitambaa cha maji ya moto. Hiyo ndiyo kazi aliyoielewa. Nadhani ndiyo kitu cha kwanza alichokielewa tangu siku ya jikoni. Alichemsha birika. Aliufunga mkono wa mkewe kwa taulo lenye mvuke, akangoja, kisha akashika kidole kimoja na kukivuta. Kidogo. Kisha kingine. Alipofika mwisho alirudia. Jumapili peke yake ndipo aliacha, kwa heshima ya wageni. Alinieleza dukani kwa sauti ya kuwajulisha watu wote kwamba mkono unafunguka, kwamba kabla ya Krismasi mama atashika kijiko.

"Na tena anaongea," alisema. "Nikimnyoosha tu, anaita mtoto. 'Mwana, mwana.' Hicho ni Kiswahili! Kinarudi! Nimemwambia Achieng' atafute ruhusa akuje."

Wote tuliokuwepo tulimpongeza. Mteja mmoja alisema Mungu ni mwema.

Siku chache baadaye nilimpelekea chokaa aliyoagiza. Niliwakuta barazani. Mvua ilikuwa imeisha na jua limetoka, na mti ulikuwa juu ya meza, tawi lake kavu limefungwa waya. Mkewe alikuwa ameegemezwa kwenye mto. Mzee alikuwa ameushika mkono wake kwa mikono yake miwili, mikubwa, yenye makovu ya moto, na alikuwa akikivuta kidole cha kati kwa uvumilivu ule ule wa kutisha. Ulimi wake ulikuwa umetoka kidogo, kama fundi yeyote anayejali. Mkewe aligeuza uso ukutani.

Alikuwa akisema, "Ng'wan. Ng'wan."

"Unasikia?" Mzee aliniambia huku akitabasamu. "Mwana!"

Kikipsigis changu ni cha dukani, na karibu chote ni cha ng'ombe. Najua amevimba, najua amekataa kula, najua amezaa, najua anakohoa. Na hilo neno nalijua vizuri, kwa sababu kila mwenye ng'ombe wa titi bovu hunionyesha jinsi anavyorusha teke akikamuliwa, na hulisema. Inauma.

"Mzee," nilisema. "Haiti mtoto."

"Nini?"

"Hasemi mwana."

"Ati nini?"

Aliendelea kuvuta. Ikabidi nipige kelele. Hicho ndicho nisichosahau, kwamba jambo kama lile, ambalo lilifaa kunong'onwa, nililipigia kelele mpaka upande wa pili wa ua.

"Anasema inauma! Anasema unamuumiza!"

Mkewe aligeuza uso kutoka ukutani, akanitazama. Sijui kama alielewa maneno yangu. Alimtazama mumewe.

Mzee aliviachilia vidole vile kimoja kimoja. Viliporudi ndani ya kiganja aliviangalia vikirudi. Taulo lilianguka chini, na lilikuwa bado linatoa mvuke.

"Tangu lini?" aliniuliza.

"Sijui, Mzee."

"Tangu lini anasema hivyo?"

Alijua kuliko mimi. Alifumba macho, na nilimwona akihesabu siku kwa midomo, akirudi nyuma, kisha akaacha kuhesabu. Alisimama, akachukua koleo, akaenda kwenye mti na kuanza kukata waya. Alizikata zote, hata zile za matawi mabichi, vipande vya shaba vikaruka sakafuni. Tawi kavu halikurudi lilikokuwa. Lilibaki pale pale alipolikunja.

Tangu siku hiyo hakumgusa mkewe. Msichana ndiye aliyemlisha, ndiye aliyembadilisha nguo. Mzee alisimama mlangoni, mikono mifukoni. Nilimwambia kwamba hospitali walisema mkono unyooshwe, ila taratibu, na kwamba ukiachwa utakaza kabisa. Akasema najua. Nikamwambia msichana afanye, msichana akaogopa. Mkono ukajifunga hata zaidi, mpaka kucha zikaanza kuchoma kiganja na ikabidi waweke kitambaa katikati. Akiunyoosha anamuumiza, akiuacha unamuumiza. Alinieleza hivyo, na mimi nilikuwa na duka zima la dawa nyuma yangu.

Alirudi siku nyingine, akakaa kwenye gunia la chumvi.

"Nifundishe," alisema.

Nilimfundisha nilichokuwa nacho. Amevimba. Amekula. Hali. Anakohoa. Inauma. Aliyarudia kwa sauti yake ya boila, na wakulima waliokuwa foleni walimsahihisha kwa upole, bila kucheka. Mzee mmoja wa Ndanai alitoka kwenye foleni akamshika mkono na kumwekea matamshi sawa. Jioni Mzee alienda kumuuliza mkewe kama amekula. Nilimsikia ng'ambo ya ua. Aliuliza vizuri kabisa. Mkewe akajibu, maneno mengi, kwa sauti ya chini, na sikio la kulia la Mzee halikushika lolote. Akauliza tena. Akajibiwa tena.

Kaka zake mkewe walikuja siku ambayo si Jumapili. Walikuwa na heshima zote. Walikunywa chai, yeye akanywa uji.

"Shemeji, si kwa ubaya," mkubwa wao alisema. "Wewe umemtunza. Lakini huko nyumbani kuna wanawake, kuna watoto, ataongea na watu. Hapa anaongea na ukuta."

Mzee aliomba arudie kwa sauti. Yule kaka akarudia. Kisha Mzee akasema sawa. Yeye mwenyewe ndiye aliyembeba mpaka kwenye gari, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumgusa tangu siku ile ya baraza. Alimbeba kama anayebeba maji yaliyojaa mpaka ukingoni.

Nilimwona Mzee mara moja tu nje ya Sotik baada ya hapo. Nilikuwa nimeenda Bomet kuchukua chanjo, na nikapita sokoni, nikamkuta kwenye mitumba akichagua soksi. Alizishika moja moja, akaingiza ngumi ndani, akapima ulaini wake kwenye shavu. Alikuwa amepungua. Koti lilimning'inia mabegani.

"Za mama?" nilipaza sauti.

"Miguu yake inashika baridi."

Aliniambia huenda Silibwet kila Jumamosi. Aliniambia mkewe ananenepa, anaongea mchana kutwa, wanawake wa boma wanakaa naye wakimenya mbaazi na anawachekesha.

"Wananitafsiria," alisema. "Ni watu wazuri. Lakini mtu akicheka, halafu utafsiriwe, wewe utacheka saa ngapi?"

Nilimuuliza kama mti bado uko hai. Akasema uko hai. Ile sehemu iliyokufa ndiyo imeshika ukungu na inaoza chini, atatafuta siku aipake dawa. Alisema bila kunitazama, akilipia soksi. Kisha tukasimama tu pale katikati ya watu, kwa sababu hakuonekana kumaliza.

"Wiki iliyopita," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, sauti yake ilikuwa ya chini mpaka nikainama nimsikie. "Nilikuwa nimekaa kule, karibu na mlango. Akaniangalia sana, kama anayeangalia mgeni. Halafu akauliza kitu. Wale wanawake wote wakanyamaza. Nikauliza, amesema nini? Hawakutaka. Nikauliza tena. Shemeji akasema, amesema karibu."

Alizikunja soksi, akazitia mfuko wa ndani wa koti.

"Mama Wanja, mimi ni kiziwi, si mjinga. Watu hawanyamazi hivyo kwa sababu ya karibu."

Nilimuuliza alifanya nini.

"Ningefanya nini?" alisema. "Nilisogeza kiti karibu."